Mwanamke Aliyewafundisha Wale wa Juu Kubisha Hodi

Walisema sitaweza kutafsiri hata nusu ya kipindi. Walisema Kiswahili changu ni cha kuombea chumvi mezani, na kwamba mtoto aliyezoea kuongea Kizulu na Kiingereza na wenzake barabarani hawezi kusimama mbele ya watu wazima akawaeleza mambo ya angani. Leo nina studio yangu hapa Bujumbura. Nina stashahada ya ufundi wa sauti, imetundikwa ukutani ndani ya fremu niliyoinunua kwa jasho langu, na watu wanangoja zamu niwatafsirie filamu zao. Nasema hivi bila aibu. Mtu aliyejijenga mwenyewe akianza kujificha, nani atamwona?

Lakini kila asubuhi nikifungua studio, kitu cha kwanza ninachowasha si mashine zangu za kisasa. Nina televisheni moja ya kichogo, ya zamani yenye mgongo mkubwa, nzito kama gunia la mchele, ambayo wafanyakazi wangu wananiomba niitupe. Ikishapata moto hutoa harufu ya vumbi linaloungua polepole nyuma yake. Harufu hiyo ikinifika puani, siko tena Bujumbura. Niko La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, ndani ya gereji ya mjomba wangu Bosco, Jumapili alasiri, nimebanana na mama yangu kwenye ubao uliolazwa juu ya kreti za bia.

Mjomba Bosco, kaka yake mama, aliipanga gereji ile kwa mwenye nyumba akaifanya chumba cha video. Mwaka wa Kombe la Dunia baa nyingi za mjini zilinunua televisheni bapa, na zile za kichogo zikauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Mjomba akajichukulia moja, kubwa kuliko zote tulizopata kuziona mtaani. Jumapili baada ya ibada walikuja Warundi, Wakongomani, Watanzania, hata Wakenya wawili watatu, na kila mmoja alikuja na Kiswahili cha kwao na kuwacheka wengine kwa Kiswahili chao.

Mama alikuwa msusi. Siku zote nyingine alisuka nywele mjini, kwenye saluni iliyokuwa ghorofani katika jengo la zamani, na alirudi nyumbani vidole vimekakamaa na miguu imevimba. Jumapili asubuhi alikuwa wa kanisa. Ni alasiri ile tu alipokuwa wangu. Alivua viatu, akaweka miguu juu ya sakafu ya saruji iliyokuwa baridi, na DJ aliyetutafsiria filamu akianza kazi mama alicheka mpaka akanipiga begani. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo mahali pengine katika jiji lile.

Kilichomchekesha kilikuwa mfululizo wa zamani sana, wa Kiingereza, uliotengenezwa kabla mama hajazaliwa. Ulihusu watu wanaozunguka angani na chombo chao, wakikagua sayari za wenzao. Jina lake halisi hakuna aliyelitumia. Sisi tuliuita Wale wa Juu. Milango ya chombo ilikuwa ya mbao zilizopakwa rangi ya fedha, na ilitikisika ikifungwa. Majitu ya sayari za mbali yalivaa soksi ambazo mtu akitazama vizuri aliziona. Hakuna aliyejali, kwa sababu tulikuwa na DJ Kashata.

Huyu alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye sauti nene kuliko kifua chake. Alisimama ubavuni mwa televisheni na maiki mkononi, Kiingereza kimepunguzwa mpaka kikawa mnong'ono, akatafsiri papo hapo na kutia chumvi alivyopenda. Nahodha wa chombo alimwita Shemeji. Mtu akipigwa risasi ya mwanga, Kashata alisema amekamatwa na polisi kwenye robot, maana huko ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa, akielekea kununua mkate. Na mwanzoni kabisa, majina ya watengenezaji yalipokuwa yakipita kwenye kioo, yeye alitamka la kwake: “Imetungwa, imetayarishwa na kuletwa kwenu na DJ Kashata!” Watu walipiga makofi. Mimi niliamini. Kwa miaka niliamini kwamba Wale wa Juu ni mali ya Kashata, na kwamba Wazungu wale wa kwenye kioo wanamsubiri yeye awaambie la kusema.

Nilipokuwa darasa la saba Kashata akahamia Durban kufuata kazi ya malori. Mjomba akajaribu kuonyesha filamu bila mtafsiri. Watu wakaanza kusinzia, kisha wakaanza kutokuja. Hapo ndipo akaja Pasta Célestin, Mkongomani mpole mwenye suti ya kijivu, kanisa lake limetolewa katika jengo moja la mjini. Alitaka gereji Jumapili nzima, toka asubuhi hadi jioni. Mjomba akamwambia arudi Jumapili inayofuata kuchukua jibu, na sote tulijua jibu lenyewe.

Nilisema nitatafsiri mimi. Nilisema mbele ya watu, nimesimama.

Walicheka vizuri sana. Binamu yangu Fiston, aliyenizidi umri kidogo na kunizidi urefu sana, alisema, “Wewe? Juzi umetumwa bizari kwa Mama Zaituni ukarudi na pilipili.”

Mjomba Bosco hakucheka, alikuwa akihesabu viti vitupu kwa macho. “Jaribu,” akasema. “Jumapili hii moja. Ukishindwa, namkabidhi pasta funguo.”

Nikamjibu sharp, Tonton, yaani sawa, mjomba. Tulipofika nyumbani ndipo mama akaniambia, huku akijikanda vidole, “Ukisimama pale usinifanye nikuonee huruma.” Basi. Nililala nikiwa nimeshaamua.

Nilichagua kipindi ambacho watu walikipenda kupita vyote, tulichokiita cha Mlangoni. Katika tafsiri ya Kashata, mwanamke mpishi wa chombo anakaa nje ya mlango uliofungwa, na aliyeko ndani ni mume wake mlevi anayekataa kufungua. Walitukanana muda mrefu, matusi ya kuchekesha, ya majirani. Watu walikuwa wakiyajua kwa moyo na kuyasema pamoja naye.

Baada ya shule niliingia gereji peke yangu, nikaiwasha televisheni, nikasubiri harufu ya vumbi, nikapandisha Kiingereza kwa mara ya kwanza. Majina yakaanza kupita. Nilitafuta la Kashata. Halikuwepo. Palipokuwa pake paliandikwa kwamba kipindi kimeandikwa na kutayarishwa na mtu anayeitwa Ruth Hallimore.

Kisha nikasikiliza mazungumzo ya mlangoni. Hapakuwa na mlevi. Mlango ulikuwa wa kituo cha angani, na ndani yake mlikuwa na watu waliofukuzwa sayari moja baada ya nyingine, na sasa wamejifungia. Nahodha ametumwa awaondoe. Ana silaha, angeweza kuuvunja ule mlango wa mbao. Lakini mpishi wake anamwomba asubiri, anachukua sufuria ya chakula, anakwenda kukaa nje ya mlango, anaongea na mlinzi wa ndani bila kumwona, taratibu, mpaka mlango unafunguka. Hakuna anayepigwa. Mimi niliyeambiwa kwa miaka kwamba ni mambo ya mlevi, nilikaa pale nimeduwaa.

Nikatoa diski zote. Kwenye kasha palikuwa na picha ya mwanamume mwenye upara, uso wake mkubwa kuliko sayari iliyo nyuma yake, na maneno ya kumsifu kwamba yeye ndiye baba wa mfululizo mzima. Ruth hakuwepo kwenye kasha, wala mbele wala nyuma. Alikuwa ndani, kwa herufi ndogo, zinazopita haraka. Nilianza kuzifuata. Kabla jina lake halijatokea, Wale wa Juu walikuwa watu wa mateke: wakifika mahali, wanapiga mlango, wanaingia, wanauliza baadaye. Jina lake likishatokea, wanasimama nje. Mmoja wao anabisha. Wanauliza wenyewe wanaitwaje, wamekula nini, nani wa kwao amefariki. Na baada ya muda nikaona jambo ambalo mpaka leo najivunia kwamba niliona mwenyewe, mtoto bila mwalimu. Hata vipindi vilivyoandikwa na watu wengine, visivyo na jina lake, vilianza kubisha hodi. Alikuwa amewaambukiza. Yule wa kwenye kasha alitengeneza chombo, sawa. Ruth ndiye aliyewatia adabu waliomo.

Nikaamua nitatafsiri yale aliyoandika yeye. Tatizo likawa Kiswahili. Kiingereza nilikielewa chote, ila nikifungua mdomo nilitoka na maneno ya kuombea chumvi, kama walivyosema. Basi nikaenda kukopa.

Nilianza kwa Fundi Rajabu, Mtanzania aliyetengeneza redio na televisheni kwenye kibanda mjini, karibu na stendi ya teksi. Nilimweleza kile chumba kidogo cha chombo, ambacho ukiwa ndani yake hujatoka nje na hujaingia ndani, mpaka hewa ijae. Kashata alikiita getini. Rajabu aliweka chini chuma cha kuchomelea, akafikiri huku moshi wa risasi iliyoyeyuka ukimpita usoni. “Hapo mgeni anangojea?” akauliza. Nikasema ndiyo. “Basi hiyo ni baraza. Chombo chao kina baraza. Chukua hilo, na usije ukaniambia umelipoteza.”

Nikaenda kwa Mama Zaituni, Mrundi wa Buyenzi, aliyekaanga sambusa mtaani kwetu na ambaye habari ya pilipili alikuwa hajaisahau. Nilimwambia nataka neno la asylum. Sisi watoto tulilitamka kila siku bila kulifikiria, lilikuwa jina la zile karatasi za wazazi zilizokunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Aligeuza sambusa zake kwanza.

“Hiyo asylum wanayotuandikia ni karatasi,” akasema. “Neno unalolitaka ni hifadhi. Na hifadhi ni mtu. Ni mtu aliyekufungulia. Umesikia, wewe wa pilipili?”

Sauti ya mlinzi nilikwenda kuikopa Marshalltown, kwa Papa Matthieu, Mkongomani wa Uvira aliyelinda mlango wa duka la vitambaa. Alivaa kofia yenye nembo na sare iliyompwaya, na alikuwa akisimama siku nzima. Nilimfanyia mlinzi wangu pale pale barabarani, kwa sauti ya ukali niliyojifunza kwa Kashata. Aliniacha nimalize. Akasema mlinzi hapigi kelele, anayepiga kelele ni mgeni wa kazi. “Mlinzi anachoka, mtoto wangu. Mfanye kama mtu aliyechoka.” Kisha akanipa neno lindo, akaniambia mlinzi akiulizwa yuko wapi hasemi yuko kazini, anasema yuko lindoni. Akanisahihisha mara nyingi, watu wakipita na vifurushi vyao vichwani, wakitutazama.

Neno la mwisho lilinishinda kabisa. Mlango unapofunguka, kwa Kiingereza mlinzi anasema neno moja tu, la kukubali, kama mtu anayesema haya basi. Kila nilivyolitafsiri lilianguka chini. Nilimwambia mama, akiwa amekaa kitandani anajipaka mafuta ya kukanda mikononi. Alifumba macho. Akasema mtu aliyejifungia muda wote huo, halafu akafungua, hawezi kusema haya basi. “Anasema kama bibi yako alivyokuwa anasema,” akaniambia, na akanipa maneno yenyewe. Nikayachukua.

Jumapili ikafika. Watu walijaa, wengi wamekuja kunicheka. Pasta Célestin naye alikuja mapema na futi ya kupimia, akapima ukuta mmoja, kisha akakosa njia ya kupita na ikabidi akae kwenye kreti pamoja na wengine. Mama alikuwa mahali petu, viatu bado viko miguuni.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Sauti yangu ilikuwa inavunjika umri ule, ikapanda juu kama ya kuku, na Fiston akauliza kama nahodha amemeza filimbi. Nilishika maiki kwa mikono yote miwili nikaendelea. Nahodha sikumwita Shemeji. Nilisema baraza, nikamwona Fundi Rajabu anatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyeona redio aliyoitengeneza inaimba.

Tukafika mlangoni. Mpishi akakaa chini na sufuria yake. Gereji nzima ikajiweka sawa, wakisubiri matusi yao.

“Leta mlevi,” Fiston akaita.

“Eish, kijana, mlevi yuko wapi?” mwingine akadakia kutoka nyuma.

Mjomba Bosco aliinamisha kichwa. Ningeweza kumleta yule mlevi. Matusi yote niliyajua, yalikuwa yako ulimini. Nilijua pia kwamba nikimleta, mama atacheka na kunipiga begani, na gereji itabaki yetu. Lakini nilikuwa nimeazima vitu vya watu, na walikuwepo mle ndani wananitazama. Nikaichosha sauti yangu kama nilivyofundishwa, nikasema kama mlinzi aliyeko lindoni siku nyingi:

“Hatuombi kitu kwenu. Tulitafuta hifadhi, tukachoka. Sasa tunaomba mwache kutuuliza tutaondoka lini.”

Kila mtu alibaki alivyo, kama pale umeme unapokatika. Nilimtazama mama. Hakuwa anacheka. Amefunika mdomo kwa mkono wake wenye mafuta, na nikasema moyoni, nimempoteza. Nimeiua Jumapili yetu kwa mikono yangu. Nikaendelea tu, kwa sababu kipindi hakisimami, na kwa sababu mimi si mtu wa kuacha kitu nusu. Mpishi aliongea, mlinzi akajibu, chakula kikapoa. Mlango wa mbao ukatikisika, ukafunguka. Nikasema maneno ya bibi:

“Karibuni. Hatuna kitu.”

“Asante,” akajibu Mama Zaituni.

Aliijibu televisheni, kwa sauti, kama mtu aliyekaribishwa kweli. Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na maji ndani yake, na Papa Matthieu alivua kofia yake akajifuta uso. Nikatazama tena upande wa mama. Alikuwa ameinama, anavua viatu.

Mjomba Bosco hakumkabidhi mtu funguo. Walikubaliana pasta achukue asubuhi, alasiri ibaki ya video, na pasta, huku akikunja futi yake, alitaka kujua kama wale watu waliofunguliwa mlango walikuja kuhamishwa au la. Nilimwambia aje wiki ijayo. Fundi Rajabu alinishika bega mlangoni akaniambia nimetunga vizuri, hasa ile ya mlango. Nikasema sikutunga mimi, ametunga mwanamke mmoja anaitwa Ruth. Akauliza Ruth gani, yule wa kwaya? Watu waliendelea kunipongeza mimi, na kwa kweli nilipenda sana kupongezwa, hata leo napenda. Lakini Ruth hakunitoka kichwani. Alikuwa amewalisha watu wote wale na hakuna aliyejua kama yupo.

Basi Jumapili iliyofuata nililipa madeni yangu yote.

Majina yalipoanza kupita kwenye kioo niliisimamisha picha. Watu walidhani diski imekwama. Nikasoma jina la Ruth Hallimore, nikaeleza kwamba yeye ndiye aliyeandika na kutayarisha, kwamba hayuko kwenye kasha lakini ndiye aliyewafundisha Wale wa Juu kubisha hodi. Kisha nikasema kwamba maneno tuliyosikia wiki iliyopita yana wenyewe, na leo nayarudisha. Nikamtaja Rajabu fundi, aliyetukopesha baraza. Alitikisa mkono, akacheka. Nikamtaja Papa Matthieu, jina lake lote na la baba yake, nikilitamka kama yeye mwenyewe anavyolitamka, na nikasema ndiye aliyetukopesha lindo.

Papa Matthieu akasimama. Alikuwa amevaa sare, anakwenda zamu ya jioni. Alinyoosha mgongo, akaweka kofia kifuani, akajibu, “Niko hapa.”

Nilidhani anatania. Nilikuwa mtoto, nilifikiri ninagawa sifa, na nilijiona mkubwa kweli kweli kwa ukarimu wangu. Ilipita miaka mingi, mimi mwenyewe nikiwa kijana mwenye karatasi zangu kwenye mfuko wa plastiki, nimekaa katika ofisi ya wakimbizi tangu alfajiri nikingoja nyuma ya kioo waniite, wakaniita kwa jina lililovunjwa vipande na nikaruka kusimama nikajibu haraka wasije wakaniruka. Siku hiyo ndipo nilipomwelewa. Katika jiji lile watu wazima wa kwetu walikuwa wakitajwa kwa majina kamili mahali pamoja tu, katika ofisi ile, na pale hawakuitwa kwa ajili ya kupewa asante.

Alibaki amesimama pale mbele ya kreti zetu, anangoja nimwambie atoe karatasi ipi. Mama akanitazama, akanionyesha kwa mkono, taratibu, kwamba nimketishe. Nikasema, “Asante, Papa. Keti.” Nikasubiri mpaka alipoketi vizuri na kuweka kofia yake gotini, ndipo nikasoma jina la Mama Zaituni.